Dole Gumba Katika Saa ya Mjerumani

Kra, kra, kra. Ndivyo ilivyolia saa ya mjukuu wangu Salim Jumamosi iliyopita, jikoni mwetu Apple Valley, Minnesota, alipokuwa akiitia ufunguo mbele ya sahani yake ya pilau. Aliitia polepole, kwa vidole viwili, huku akituangalia mmoja mmoja kuhakikisha kwamba tunasikia. Nje theluji ilikuwa imepanda hadi kwenye milango ya gari lake, na koleo lilikuwa limeegemezwa ukutani likimngoja. Hakulitazama. Mtu aliyejifunga mkononi kitu chenye thamani ya nyumba hawezi kushika koleo.

Ilikuwa imepita miaka zaidi ya themanini tangu niisikie sauti ile. Saa za siku hizi hazitiwi ufunguo. Hula betri zikanyamaza. Lakini ile sauti ya vijino vinavyoumana na kamani, ile springi ya saa, inayokazwa niliitambua kabla sijainua uso, na kinywa changu kikajaa uchachu wa ukwaju. Rehema, mjukuu wangu anayeniandikia maneno haya, ameniuliza ukwaju umeingiaje hapa. Utaingia. Aandike kwanza.

Mimi sikusoma. Katika zama zangu mtoto wa kike wa Ngamiani, mjini Tanga, alifundishwa kupika, kushona na kunyamaza, nami nilishika mawili ya mwanzo. Ninachotaka kibaki lazima nikitamke, naye Rehema, ambaye hukielewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza, hukipiga katika mashine yake. Nimemwonya asinipambe.

Salim ni kaka yake Rehema. Anafanya kazi huko Plymouth, katika ofisi yenye kuta za vioo, na kitu anachokiuza nimeelezwa mara nyingi wala sijapata kukielewa. Alipoona kwamba hakuna aliyemuuliza habari za saa, alijiuliza mwenyewe na kujijibu. Akaivua, akaigeuza. Mgongo wake ulikuwa wa kioo.

"Tazama, Bibi. Mashine yote inaonekana."

Nikatazama. Nikamwambia kwamba zamani mtu mwenye adabu alifunika matumbo ya kitu chake.

Hakusikia. Akatusomea hutuba ndefu kuliko ya Ijumaa. Saa ile, alisema, imeundwa katika mji mdogo wa milimani, mashariki ya Ujerumani, ambako watu hurithishana ufundi huo kutoka babu hadi mjukuu. Huko saa huundwa mara mbili: kwanza huunganishwa yote ikaenda, kisha hufumuliwa hadi skrubu ya mwisho, kila kipande kikapambwa, ndipo ikaunganishwa upya. Skrubu zake hupashwa moto hadi ziwe buluu. Na kile kidaraja kidogo kinachoshikilia gurudumu la mapigo huchorwa maua kwa mkono, si kwa mashine, wala hakuna viwili vinavyofanana.

"Wenye kujua," alisema, "wakitazama maua wanamjua aliyechora. Hii yangu amechora mwanamke. Mkono wake unajulikana kabisa."

"Naye anakujua wewe?" nikamuuliza.

"Nani, Bibi?"

"Huyo mwanamke."

"Atanijuaje, Bibi? Yuko Ujerumani."

"Basi unajivunia mkono wa mtu asiyekuwa na habari nawe."

Rehema alicheka hadi chai ikamtoka puani. Salim akanuna kidogo, kisha, kwa ukarimu wa mtu anayempa maskini ruhusa ya kuchungulia dirishani, akaniletea ile saa karibu. Lakini kabla hajaniwekea mkononi alichukua kitambaa cha karatasi akakitandaza kiganjani mwangu.

"Shikia hapo, Bibi. Vidole vina mafuta."

Nikaondoa mkono. Nikainuka, nikaenda chumbani kwangu kuleta kitu. Kabla sijarudi nacho mezani, ninyi mnaosoma inawapasa mkijue kilikotoka.

Baba yangu aliitwa Kombo, naye alikuwa mfua fedha. Alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango wazi kuelekea barazani, na hewa ya chumba kile ilikuwa ya makaa, ndimu na majivu, kwa maana ndimu na majivu ndivyo alivyosafishia fedha. Alifua vikuku vya maharusi na mitali yao ya miguuni, akavitia nakshi za maua ya asumini na mkilua kwa kalamu ya chuma iliyokuwa nyembamba kuliko msumari. Vidole vyake vilikuwa vinene. Dole gumba lake lilikuwa pana kama kijiko, ukucha wake umepasuka tangu ujana, na ngozi imeingia weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Nilipokuwa mdogo sana nilidhani weusi ule ndio uliokuwa ukifanya kazi.

Mwaka niliotimiza miaka tisa baba aliugua homa ya muda mrefu. Alipoinuka alifua kikuku cha binti mmoja, na jani moja katika kikuku kile likatoka limepinda. Jani moja tu. Mama wa yule binti akalionyesha kwa jirani, jirani akalionyesha kwa wifi yake, na kabla mwezi haujaandama mji wote ulikuwa ukisema kwamba mkono wa Kombo unatetemeka. Akina mama wenye mabinti wa kuozwa wakaanza kupita mbele ya baraza yetu wamevuta buibui, wanatazama upande wa pili wa njia kana kwamba huko kuna jambo. Hapakuwa na jambo. Palikuwa na ukuta.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimkabili baba: ama apate kazi moja ya kuwaonyesha watu kwamba mkono wake ni uleule, ama aache nakshi na kuziba mabirika.

Kazi hiyo ililetwa na mtu niliyemchukia kabla hajashuka garini. Alikuwa Mjerumani mwenye shamba la mkonge, mmoja wa wale waliorudi baada ya vita vya kwanza kana kwamba walikuwa wametoka kununua sigara tu. Watu walimwita Bwana Kidevu, kwa sababu alitembea ameinua kidevu chake na kukifuata popote kilipompeleka. Alikuwa na saa ya mfukoni aliyorithi kwa baba yake, iliyotoka katika milima ileile aliyoihutubia Salim. Ilikuwa imemponyoka akiwa juu ya kitoroli cha mkonge, na kile kidaraja chenye maua kikavunjika vipande viwili. Fundi saa wetu, Fundi Jetha, Mhindi aliyekuwa na kibanda nyumba mbili kutoka kwetu, angeweza kuunda kidaraja kipya. Maua hakuyaweza. Akamleta yule bwana kwa baba.

Nilikuwa nyuma ya pazia na hakuna neno lililonipita. Bwana Kidevu hakuketi. Alizungumza Kiswahili chao cha shambani, kilichoundwa kwa ajili ya kuamrishia tu.

"Wewe Kombo. Mimi taka hii kama zamani. Watu ya kwetu akifungua, aseme hii kazi ya Ulaya. Mimi hapana taka ona mkono yako. Sikia?"

"Nimesikia, bwana," alisema baba. Alikuwa amevua kofia yake na ameishika kwa mikono miwili.

Nilimdharau. Nawaambia ninyi kwa kuwa sijamwambia mtu mwingine. Huyu alikuwa baba ambaye aliwahi kumrudishia tajiri fedha yake barazani, mbele ya watu, kwa sababu tajiri yule alimwita kwa kumpigia mluzi. Leo anaambiwa afiche mkono wake kama mwizi, naye anajibu kwamba amesikia.

Fundi Jetha alibaki nyuma kumweleza. Aliifumua saa juu ya kitambaa cheupe, kipande baada ya kipande, akasema kwamba na wao wataifanya kama wanavyofanya wenyewe: wataiunganisha kwanza hivihivi, na kidaraja kitupu, waone kama inakwenda, kisha wataifumua, baba achore, ndipo iunganishwe mara ya pili. Baba alichukua bamba kubwa la mashine kwa kibano, akalinusa kama anavyonusa fedha inayoletwa kuuzwa.

"Madini gani haya?"

"Wao wanaiita fedha," alisema Fundi Jetha. "Fedha ya Kijerumani."

"Ina fedha kiasi gani?"

"Hakuna."

"Hata chembe?"

"Hata chembe, Kombo bhai. Shaba tu, na vitu vingine."

Wakatazamana, wakacheka kicheko cha chini cha watu wa kazi. Kisha Fundi Jetha akaacha kucheka. Akasema kwamba bamba lile limeachwa wazi, halikupakwa kitu, na ndiyo maana baada ya miaka hugeuka rangi ya asali ambayo wao huipenda. Lakini kwa sababu hiyohiyo kidole kitupu kisiliguse. Jasho huandika juu yake. Leo huoni kitu. Baada ya wiki mbili tatu maandishi hutokea, nayo hayafutiki, maana ukisugua unaondoa ule uso wake wa chengachenga na saa imeharibika milele.

Siku kumi na moja baba aliamka kwa sala ya alfajiri akaketi mlangoni kuupata mwanga wa kwanza. Alijizoeza kwanza juu ya vipande vya shaba. Alitazama vile vipande viwili vilivyovunjika kwa kioo cha kukuzia kilichobanwa jichoni, akazungumza peke yake. "Huyu aliyechora alitumia mkono wa kushoto," alisema siku moja. "Majani yake yote yameinamia kule." Siku nyingine alisema, "Hapa alichoka, akapumzika, akaendelea." Alimzungumzia kwa heshima mchoraji yule wa Ulaya aliyekwisha kufa, asiyemjua jina. Hilo nalo lilinichukiza. Niliona ni mtumwa anayemsifu mpishi wa bwana wake.

Siku ya kumi na moja akamaliza. Ilikuwa adhuhuri. Kidaraja kilikuwa kimelala juu ya kitambaa, na kando yake lile bamba kubwa, ambalo baba aliliomba kwa Fundi Jetha ili alinganishe nakshi. Akavifunika kwa bakuli la kioo, akaenda msikitini.

Mimi nilikuwa nakula ukwaju. Nilikuwa nauchovya katika chumvi na kunyonya vidole, mchezo wa watoto wote wa mtaa wetu. Nikaingia chumba cha mbele, mahali nilipokatazwa, nikainua bakuli.

Sitasema kwamba sikujua. Wakongwe wengi wakisimulia makosa yao ya utoto husema walikuwa hawajui. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesikia kila neno la Fundi Jetha. Lakini nilikuwa nimesikia pia kila neno la Bwana Kidevu, na rohoni mwangu nikasema: hutaki kuona mkono wetu, utauona. Nikaliweka dole gumba langu juu ya ile fedha isiyo fedha, hili hapa la mkono wa kulia, lenye kovu la mbuzi ya kukunia nazi iliyonikata nikiwa na miaka sita. Nikakandamiza kama nilivyowaona wakubwa wakitia dole kwenye hati.

Nilipoliinua niliona unyevu, na palepale ushujaa ukaniisha. Nikapangusa kwa pindo la kanga. Bamba likang'aa, safi kabisa. Nikarudisha bakuli, nikatoka, nikamalizia ukwaju wangu nyuma ya nyumba.

Saa iliunganishwa mara ya pili, ikaenda. Bwana Kidevu alikuja akafungua vifuniko vyote viwili, akainamisha kidevu kwa mara ya kwanza, akatafuta ua lililochorwa Tanga asilione. Aliondoka ameridhika. Fundi Jetha, ambaye hakuwa mtu wa siri, akautangazia mji kwamba Mjerumani mwenyewe ameshindwa kutofautisha. Kesho yake mama mmoja akaja na fedha yake imefungwa katika kitambaa. Baada yake akaja wa pili. Mama yangu alirudia kuimba jikoni, na baba alipokuwa akipuliza makaa alipuliza kama kijana. Wiki tatu tuliishi hivyo. Nilianza kuamini kwamba jasho langu halikujua kuandika.

Bwana Kidevu alirudi siku ya Alhamisi asubuhi, baraza ikiwa imejaa. Alikuwapo yule mama wa kwanza kuleta fedha, amekuja kutazama vikuku vya binti yake. Yule bwana hakusalimu. Alifungua saa, akaisukuma chini ya pua ya baba.

"Hii nini?"

Kila aliyekuwapo alijongea akaona. Juu ya lile bamba, rangi ya kahawia kama ya chai iliyokolea, lilikuwa limeota dole zima, na mistari yake yote ikizungukana.

Baba alibana kioo jichoni akainama. Alitazama muda mrefu, mrefu kuliko unaohitajika kutambua doa. Nilikuwa mlangoni, mkono nimeuficha ndani ya kanga. Kisha akainuka, akatoa kioo, akakiweka mezani taratibu.

"Ni langu, bwana. Ni dole langu."

Fundi Jetha, aliyekuwa amekimbilia pale kwa kusikia kelele, aliitazama ile alama, ndogo kama kokwa ya ukwaju. Akalitazama dole gumba la baba lililokuwa juu ya meza, pana kama kijiko. Akafungua kinywa. Baba akamtazama, naye akakifunga.

"Mimi nasema hapana taka ona mkono yako!" alipiga kelele Bwana Kidevu. "Wewe natia mkono yako ndani kabisa! Mkono ya tumbili!"

"Nisamehe, bwana," alisema baba.

Yule mama alichukua fedha yake palepale, wala hakusubiri ipoe midomo ya watu. Wa pili alimtuma mtoto alasiri. Walisema sasa kwamba mkono wa Kombo hautetemeki tu, bali pia hauna adabu, unashika kisichoshikwa. Tangu siku ile hadi alipokufa baba yangu hakufua tena kikuku cha harusi. Aliziba mabirika, alinyoosha sinia, alitia mikono ya sufuria.

Nami nilielewa nini? Nilielewa kwamba nimeponea. Nikaelewa pia kwamba baba ni mwoga kupita nilivyodhani, mtu ambaye Mzungu akimfokea hukiri hata asilolitenda. Hofu yangu ilipoisha ilibaki dharau tupu, na mtoto mwenye dharau hulala vizuri sana.

Kiasi cha miezi miwili baadaye baba aliniita chumba cha mbele. Nilikuwa naanza kujifunza kushona kofia, na wasichana wenzangu walikuwa na subana za fedha, zile kofia ndogo za kidole zinazozuia sindano isichome, zenye maua ukingoni. Baba alinipa yangu. Aliifua kwa kipande cha mwisho cha fedha alichokuwa nacho.

Ilikuwa mbaya. Haikuwa na ua hata moja. Ilikuwa imechorwa mistari iliyopindana, myembamba mno, imesongamana kama pete za ndani ya gogo, haina mwanzo wala mpangilio, na katikati mfuo mmoja umekatiza yote. Tena haikunienea. Subana huvaliwa kidole cha kati. Hii ilipwaya huko, ikanienea gumba tu.

"Haina maua," nilimwambia.

"Haina."

"Na hapa kalamu imeteleza."

Alinitazama. "Wasema imeteleza?"

"Imeteleza, baba. Tazama mwenyewe, imekata katikati."

"Haya, mama," alisema, akarudi kwenye birika lake.

Nilitoka nikiwa na hakika kwamba mji haukukosea. Mkono ulikuwa unatetemeka, na sasa hata kipimo cha kidole ulikuwa haukijui.

Siku nilipoolewa aliniuliza swali moja tu. Watu walikuwa wengi, ngoma imeanza, naye akaniinamia sikioni. "Ile subana unayo?"

"Ipo, baba, ila haifai kitu."

"Itunze hivyohivyo."

Nikaitunza, si kwa mapenzi. Fedha ni fedha, haitupwi. Nilipozeeka ilinienea kidole kidogo, nikaitumia kusukumia sindano kwenye magunia. Kila mstari wake niliujua kwa sababu kila mstari ulikuwa umenikera. Baba alikufa nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa tatu, na hata nilipomlilia nilimlilia kama mtu anavyomlilia mnyonge.

Sasa nawarudisha huku. Binti yangu Mwanaidi, mama yao Salim na Rehema, aliponileta Minnesota, niliitwa kwenye ofisi moja ya serikali kupigwa alama za vidole. Jambo hilo halikunitisha. Mtu asiyejua kuandika ametia dole maisha yake yote. Lakini kule Tanga nilitia dole katika wino, likatoka bonge jeusi lisilo na sura. Huku palikuwa na kijana mpole aliyevaa glavu. Alinishika dole gumba la kulia, akalibiringisha polepole juu ya kioo, akasema neno.

"Anasema usihangaike na kovu, mama," alinitafsiria Mwanaidi. "Halina neno."

Nikainua uso. Juu ya skrini iliyokuwa mbele yake, kubwa kama sinia, ilikuwapo subana yangu.

Mwanaidi anasema nilisimama pale hadi watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kubadili miguu kwa kuchoka. Yule kijana alitaka kuendelea na kidole kingine nami sikumwachia mkono. Nilikuwa nasoma. Mimi ambaye sijapata kusoma kitu, nilikuwa nasoma mstari kwa mstari: hapa unazunguka, hapa unagawanyika pande mbili, hapa unakatika na kuanza tena, na katikati kovu la mbuzi ya nazi limekatiza yote. Nilipofika nyumbani niliitoa subana kwenye mkebe wa sindano, nikaiweka dirishani kwenye mwanga wa theluji kando ya dole langu. Dole lilikuwa limekua na subana haikukua, lakini hapakukosekana mstari.

Alikuwa amelitazama mara moja tu, barazani, kwa kioo jichoni, huku mtu akimfokea kichwani. Akalijua ni la nani kwa kovu lake. Akalikariri lote. Kisha akamwambia yule mtu kwamba ni lake, akitumaini jambo moja: kwamba Bwana Kidevu hatatazama. Naye hakutazama. Dole la baba yangu lilikuwa juu ya meza, upana wa mkono mmoja kutoka kwenye saa, na mtu yeyote aliyeuhesabu mkono ule kuwa ni mkono wa mtu angeona mara moja kwamba halilingani. Yeye aliona mkono mweusi, na mikono myeusi kwake yote ilikuwa mmoja. Baba alinificha ndani ya dharau ya Mjerumani kama mtu anavyoficha kitu mvunguni, na akajua kwamba hakitatafutwa huko.

Na mkono uliochora mistari ile juu ya kipande cha fedha kisichozidi kokwa, kwa kukumbuka tu, haukuwa ukitetemeka. Alikuwa ametaka mtu mmoja ajue. Nikamwambia kalamu imeteleza.

Nimewadharau watu wengi katika umri wangu, na wengi wao sijutii. Bwana Kidevu simsamehei, wala yule mama aliyebeba fedha yake. Lakini sikuwa tofauti nao. Wao hawakuutazama mkono wa Kombo. Mimi niliishi nao nyumba moja na sikuutazama. Rehema amesita hapa, ananiuliza kama nina hakika nataka liandikwe. Liandikwe.

Basi nilirudi jikoni, nikaiweka subana mezani mbele ya Salim, kando ya saa yake. Sikumpa kitambaa. Aliichukua kwa vidole vyake vyenye mafuta ya pilau, akaielekezea simu yake ili aikuze, akaisahau saa yake. Kwa mtoto yule, huo ni ugonjwa.

"Bibi, nani alichora hii?"

"Fundi mmoja wa Tanga."

"Hii ni kwa mkono? Hii mistari yote?"

"Kwa mkono."

Akaigeuzageuza. Akaisogeza kwenye taa. Nikaona macho yake yanatafuta, maana amejifunza huko kwao kwenye saa kwamba mjuzi hutafuta kosa.

"Kazi kubwa sana, Bibi," alisema hatimaye. "Ila hapa katikati aliteleza."

Baba yangu, alipoambiwa neno hilo, alisema haya, akarudi kwenye birika lake. Mimi sina subira yake. Nilinyoosha mkono juu ya sahani, nikamwekea dole gumba langu chini ya pua, nikangoja atazame.